Maswali na Majibu: Wosia, Trasti na Ploti ya Familia

Barua za mirathi zimekuwa nyingi mwezi huu, na karibu zote zimetoka kwa watu wenye ploti moja, akiba ya sacco na watoto wa shule. Nawajibu baadhi yenu hapa.

Wakili, mimi na mume wangu tuna ploti Kayole, vyumba 12 vya kupangisha. Watoto ni watatu, kitindamimba ana miaka 6. Jirani anatuambia tuandikishe trasti ya familia. Si hayo ni mambo ya matajiri wa Karen? – Mama wa Watatu

La, mama, si ya matajiri peke yao. Trasti ni amana. Mali inatoka kwenye majina yenu, wadhamini wanaishika kwa faida ya watu mliowataja na kwa masharti mliyoyaandika. Ninyi wenyewe mnaweza kuwa miongoni mwa wadhamini hao. Sheria ya Wadhamini iliporekebishwa mwaka 2021, trasti ya familia ilitambuliwa waziwazi. Uzuri wake ni kwamba mali iliyo ndani yake haihesabiwi kuwa ya marehemu, hivyo mmoja wenu akifariki ploti haingojei mahakama. Wapangaji wanaendelea kulipa na karo inapatikana.

Msipopanga lolote, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, itawapangia. Mjane mwenye watoto hupewa vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, lakini ploti ataitumia tu akiwa hai, na kuiuza lazima mahakama ikubali. Tena kwa sababu kuna mtoto mdogo, mahakama itataka wasimamizi wa mali wasiopungua wawili.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mjane mmoja alikuja ofisini kwangu na hati ya trasti nzuri sana, imefungwa utepe wa kijani, kila ukurasa umetiwa sahihi. Nikamwomba hatimiliki. Akaitoa kwenye mfuko wa nailoni, nikasoma jina: la mumewe, peke yake. Walikuwa wamelipa, wakasaini, wakarudi nyumbani wakiamini kazi imekwisha. Hakuna aliyewaambia kwamba ploti yenyewe ilipaswa kuhamishwa kwa wadhamini. Ile trasti haikuwa na kitu ndani, na mama akaanza safari ya mirathi kama mtu ambaye mumewe hakuwahi kuwaza kesho ya watoto. Iliniuma, na inaniuma bado, kwa sababu yule bwana aliwaza.

Kwa hiyo fungueni kabati kwanza. Mna nini mkononi? Wengi upande wenu wa jiji wana cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, au barua ya ugawaji, na wanaiita hatimiliki. Kama ndivyo ilivyo kwenu, fedha mlizotenga kwa ajili ya trasti zitafutieni hati kwanza.

Na kama gharama ni nzito, ningekuwa ninyi ningeandika wosia, na ndani ya wosia huohuo nikaweka amana ya yule mdogo: fungu lake lishikwe na watu wawili, limlipie shule, akabidhiwe akifika umri mtakaoutaja, hata miaka 25. Utapitia mahakamani, ni kweli, lakini maneno yatakuwa yenu. Katika wale wawili si lazima awepo shemeji mkubwa. Mchagueni mtu ambaye hata pesa za chama anazirudisha na risiti.

Nikiandika wosia kwa mkono wangu, bila wakili, utakubalika? – Fundi, Kariobangi

Utakubalika, ndugu yangu, mradi una akili timamu na umetimiza miaka 18. Tia sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao mbele yako. Usimfanye shahidi mtu unayemwachia kitu, kwani zawadi yake huanguka isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Na ukioa baada ya kuuandika, ndoa hiyo inaufuta, isipokuwa uliuandika ukiitazamia.

Watoto wangu watatozwa kodi ya urithi? – Mstaafu, Buruburu

Hapana, mzee wangu. Kenya iliifuta mwaka 1982. Gharama zitakazowafika ni za mahakama, wakili na kuhamisha hati.

Marehemu kaka alinitaja kuwa jamaa wa karibu benki na kwenye sacco. Mkewe anadai pesa. Ni zangu au zake? – Donholm

Ya benki si yako. Jina lako pale linawaambia wamtafute nani, halikupi pesa. Benki itasubiri hati ya usimamizi kutoka mahakamani. Sacco ni jambo jingine. Ukiwa umeandikwa kwenye fomu ya mteule, yaani mtu aliyetajwa kupokea pesa, wanaweza kukulipa wewe moja kwa moja. Ila nakuomba uitazame tarehe ya ile fomu. Kama kaka aliijaza kabla hajaoa, kaa na shemeji yako mzungumze kabla ya kugusa shilingi moja. Kama wana watoto, kumbuka ni watoto wa kaka yako.

Mimi ni Mwislamu. Nataka kumwandikia mke wangu nyumba yote. – Eastleigh

Wosia hautakufikisha huko, kwa kuwa mke ni mrithi tayari, na wosia kwa mrithi huhitaji ridhaa ya warithi wenzake. Thuluthi ya mali unayoweza kuusia ni ya wasio warithi. Kama nia yako ni ya dhati, mpe hiba, yaani zawadi, ungali hai na umkabidhi kweli, jina likahamishwe. Kabla ya hapo muone kadhi.

Baba alitamka hospitalini, mbele yetu sote, kwamba nyumba za Dagoretti ni za wavulana. Alifariki miezi mitano baadaye, mama alitangulia. Kaka tayari anakusanya kodi ya nyumba, na mimi naambiwa nimeolewa sina changu. – Binti wa Tatu

Dada, unacho. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili huishi miezi mitatu tu. Baba asipofariki ndani ya muda huo, maneno yake hayana nguvu tena. Mnabaki watoto, na watoto hugawana sawa. Sheria haimtengi aliyeolewa wala haiulizi nani ni wa kiume.

Kaka naye amejiingiza kwenye mali ya marehemu bila hati ya mahakama. Hilo ni kosa: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na kila shilingi aliyopokea anaweza kudaiwa hesabu yake. Mwambie kwa upole, mkiwa na mzee mmoja wa familia, na uandike tarehe ya mazungumzo.

Usingoje jibu lake, lakini. Ombi la mirathi likishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za kupinga huenda haraka. Asubuhi ya Jumatatu nenda mahakama ya Milimani, sajili ya mirathi, uulize kama kuna faili limefunguliwa. Beba nakala ya cheti cha kifo na kitambulisho chako. Likiwapo, tazama ukurasa wa orodha ya watoto uone kama jina lako limo.