Maswali ya Wasomaji: Jani Hudanganya, Tazama Ganda

SWALI: Shambani kwangu, kati ya mistari ya kabichi, yameota magugu ya namna tatu yenye majani yaliyochanika kando. La kwanza lina maua ya manjano iliyokolea. La pili maua yake yamepauka na yana mishipa ya zambarau. La tatu ni dogo, na maua yake ni meupe yanayoelekea rangi ya maziwa. Majirani wote huyaita haradali. Ni kweli? Na nikiyaacha yana madhara? (Mkulima, Lushoto)

JIBU: Ndugu mkulima, kwa ulivyoyaeleza, yote matatu ni ya ukoo wa haradali, lakini haradali yenyewe huenda ni moja tu. Kilichowapotosha majirani ni jani. Katika ukoo huu mche mmoja huwa na jani pana lililochanika huku chini na jani jembamba lisilochanika kule juu, na ukiota penye samadi hupata sura nyingine kabisa. Ganda la mbegu halibadiliki kiasi hicho.

Kwanza hakikisha ukoo. Ua liwe na petali (vijani vya rangi vya ua) 4 zilizokaa kama msalaba na stameni (vijiti vya chavua) 6, yaani 4 ndefu na 2 fupi. Kisha chukua ganda bichi lililokwisha kujaa, ulipasue kwa ukucha kuanzia kwenye kikonyo. Vipande viwili vya nje vitabanduka, na katikati kitabaki kiambaza chembamba kinachopitisha mwanga kama ngozi ya kitunguu, mbegu zikiwa zimening'inia kingoni mwake. Usitumie ganda changa, maana kiambaza chake huraruka pamoja na mbegu ukadhani hakipo.

Sasa lile la manjano. Shuka na shina kutoka kwenye maua, utazame jani la kwanza unalolikuta linavyoshika. Likiwa limelikumbatia shina kwa masikio mawili, bila kikonyo, basi hilo ni la kundi la chainizi, Brassica rapa, na mara nyingi ni mabaki ya zao la msimu uliopita yaliyojiotea. Tazama pia kichwa cha maua: katika aina hii maua yaliyofunguka huyapita kwa urefu matumba ambayo bado yamefumba. Likiwa jani la juu ni jembamba, halikumbatii shina na lina kikonyo kifupi, hapo ndipo useme haradali, Brassica juncea.

La pili, lenye mishipa ya zambarau, ni figili mwitu. Ganda lake limebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga zilizotungwa, na likikauka hupasuka vipande vipande, kila kipande na mbegu yake ndani. Halifunguki kwa urefu kama la haradali, kwa hiyo jaribio la kiambaza hapa halifanyi kazi. Usiyachanganye na figili za bustanini zilizoachwa zikatoa maua. Ganda la hizo ni nene, laini kama sifongo ndani, halivunjiki kwa urahisi, na maua yake ni meupe au ya zambarau, hayawi ya manjano.

La tatu, kwa maelezo yako, linaelekea kuwa Erucastrum arabicum, gugu la kawaida la nyanda za juu za Afrika Mashariki. Lithibitishe kwa ganda: jembamba, lenye ncha fupi. Likiwa ganda ni la pembetatu kama moyo mdogo, basi ni gugu jingine la ukoo huu, Capsella. Likiwa la mviringo, bapa, lenye pengo kidogo juu, ni Lepidium, nalo ni la ukoo huu huu.

Kuhusu madhara: usiyaache. Bakteria wa ugonjwa wa kuoza kweusi, ule unaoanza kwa alama ya njano yenye umbo la V ukingoni mwa jani la kabichi na mishipa kuwa myeusi, huishi pia kwenye magugu ya ukoo huu. Nondo wa kabichi naye hutaga humo. Wakulima wengi hupumzisha shamba na kabichi kwa miaka 2, wakapanda mahindi au maharage, kisha wakashangaa ugonjwa umerudi, kumbe magugu haya yalikuwa yamesimama kwenye matuta muda wote huo. Yang'oe yakiwa na maua, kabla maganda hayajakauka. Yenye maganda yaliyokomaa yatoe nje ya shamba. Ukiyaacha chini, mbegu huendelea kuiva na kudondoka.

SWALI: Mgagani nao si ni haradali? Una ukali ule ule. Na huku kwetu kuna unaofanana nao wenye maua ya manjano, unalika? (Mama lishe, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Mama, ukali ni wa namna moja kwa sababu mimea hii yote ina kemikali za kundi moja, na koo zao ni jirani. Lakini mgagani, ambao wengine huuita mkabilishemsi, una ukoo wake. Pasua ganda lake: hakuna kiambaza. Ganda husimama juu ya kijiti chembamba, mbali na mahali petali ziliposhikia, na stameni nazo zimepandishwa juu, ndiyo maana ua huonekana kama buibui. Mbegu ni nyeusi, ya kukwaruza, iliyojikunja kama konokono mdogo.

Huo wa manjano ni Cleome viscosa. Ushike: unanata vidoleni. Stameni zake hupita 10, na ganda lake lenye vinyweleo halina kijiti. Ziko sehemu za dunia unakoliwa, ila sisi hatuushauri uingie kwenye fungu la kuuza, kwa kuwa mteja amelipia mgagani. Shida ni kwamba fungu la sokoni halina maua. Basi hesabu vipande vya jani: mgagani kwa kawaida una 5, vipana, wa manjano una 3 hadi 5, vidogo, na majani ya juu karibu yote yana 3. Mgagani ukikatwa baada ya kutoa maua uchungu huzidi. Nyofoa matumba mapema, utavuna majani kwa muda mrefu zaidi.

SWALI: Nimenunua haradali ya kutilia achari, ndani nimeona punje kubwa kidogo na nyeusi. (Pangani)

JIBU: Usizitumie kwanza. Zimwage kwenye sahani nyeupe. Mbegu ya haradali ni duara, kwa jicho ni laini, na hubingirika. Mbegu ya mbaruti, lile gugu la miiba lenye maua ya manjano na utomvu wa njano, hukaribia milimita 2, ina ncha upande mmoja na vishimo kama wavu. Ina sumu, mafuta ya haradali yaliyochanganyika nayo yaliua watu Delhi mwaka 1998, baada ya kuvimba miguu na moyo kushindwa. Kutafuna punje chache upate ukali si kipimo, kwani nyingi zitakuwa haradali halisi na zitakudanganya. Kuosha hakusaidii, na moto wa kawaida wa jikoni si kinga. Ukikuta hata punje chache za aina hiyo, tupa mfuko mzima.

Wanaotutumia picha: ua peke yake halitoshi. Tupigieni ganda lililopasuliwa, likiwa kando ya sarafu, na jani la juu kabisa linavyoshika shina.