Kabla hujanunua marumaru: barua kwa mwanangu aliyeko Malindi

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Picha za nyumba ya bibi yako hapo Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, nimezipata, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unauliza kama uweke marumaru juu na chini, kwa sababu fundi uliyemwita anasema atamwaga kwanza zege ya inchi 2 kila chumba "sakafu ikamate", halafu ndiyo abandike. Juu, usimruhusu kabisa. Chini, usimruhusu hivyo anavyotaka yeye. Bafuni tutaelewana.

Nianze juu, maana huko ndiko kunakonikosesha usingizi. Chini ya sakafu ya chumba unacholala hakuna hata nondo moja. Kuna boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta huu hadi ule, juu yake mawe ya matumbawe, kisha kokoto na chokaa zilizopigiliwa kwa vipande vya mbao siku baada ya siku, watu wamejipanga safu na kuimba. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyowapimia wazee upana, nao haupiti sana mita 3. Hiyo sakafu yenyewe ina unene wa shubiri na zaidi, na boriti zimeibeba tangu kabla sijazaliwa.

Sasa tupige hesabu. Zege ya inchi 2 ina uzito wa kama kilo 120 kwa kila mita ya mraba. Tia marumaru na gundi yake, unakaribia 140. Chumba chako ni mita 3 kwa 6, yaani mita za mraba 18. Hapo umezipandishia boriti hizo za kizee kama tani 2 na nusu, na kitanda bado hakijaingia. Tena boriti hucheza kidogo watu wanapotembea. Chokaa huuvumilia mchezo huo, saruji haiwezi. Itapasuka, maji ya kupigia deki yatapenya kwenye nyufa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Yatakaa kwenye miti.

Fundi wako amekagua juu tu. Mwambie apige ngazi chumba cha chini atazame dari. Boriti haianzi kuoza katikati, huanza kichwani, pale inapozama ukutani, kwa kuwa ukuta ndio wenye unyevu. Chukua bisibisi uchokonoe kila boriti karibu kabisa na ukuta. Ikigoma, iache, haina ugonjwa. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, hiyo imekwisha, hata kama nje inang'aa rangi mpya. Anzia chini ya bafu. Katika nyumba zile choo cha juu ndicho muuaji nambari moja, mchwa wanafuata kwa mbali.

Ukikuta mbovu, weka mirunda ya kutegemeza kwanza, kisha mbadilishe moja moja. Asikubomolee chumba kizima kwa siku moja. Ghorofa ile ndiyo inayozishika kuta zisitengane. Boriti mpya nunua kwa muuzaji mwenye kibali, mikoko haikatwi ovyo siku hizi.

Zikishakuwa nzima, acha ile sakafu nyekundu ya bibi yako. Ndiyo, ile unayoionea haya. Ziba nyufa kwa chokaa na mchanga laini, ipake nta, tandika mkeka. Ukitaka sura mpya, weka mbao za msaji za milimita 20 juu ya vipande vyembamba vya mbao. Zote pamoja hazifiki kilo 20 kwa mita ya mraba. Bakisha upenyo wa kidole kando ya kuta upepo upite, na ufunge kwa skrubu za shaba, kwani misumari ya chuma hapo Malindi bahari itaila na mbao zitatoka madoa meusi.

Chini ni habari nyingine. Uzito si tatizo, tatizo ni maji ya ardhini. Kabla ya lolote, kata kipande cha nailoni, kilaze sakafuni, kigandishe pande zote nne kwa utepe, ukiache usiku kucha na mchana wa pili. Kifunue uone matone upande wa chini. Maji hayo yanapanda kila siku, sasa hivi yanatoka kidogo kidogo kupitia sakafu. Ukiyafungia kwa zege na marumaru, yatahamia ukutani. Nyumba ya jirani yetu wa zamani ilifanywa hivyo. Sakafu ilipendeza kwelikweli, lakini baada ya masika kuta zilianza kutoa unga mweupe wa chumvi na plasta ikamomonyoka mpaka usawa wa kiuno. Wakapaka rangi ya mafuta juu yake. Basi, huo ukawa mwisho wa ukuta.

Kwa hiyo chini nataka chokaa. Chimbeni mtoe udongo laini, mpange mawe makavu yasiyo na vumbi ili maji yashindwe kupanda, kokoto juu yake, kisha chokaa 1 kwa mchanga 3. Changanyeni na unga wa matofali ya kuchoma, ndio unaoipa chokaa nguvu ya kukamata penye unyevu. Mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi. Chokaa iwe imerowekwa zamani. Ile inayotoka kwenye mfuko asubuhi na kutumika mchana itakuumulia sakafu vipele vipele. Ipigilieni ikiwa mbichi, mfunike kwa magunia yaliyoloa, na msiwe na haraka: ni wiki kadhaa, si siku tatu za saruji. Kapeti la plastiki sitaki kulisikia, ni ile ile nailoni yenye maua.

Bafuni weka marumaru, ndogo na za kukwaruza, usije ukateleza. Ila chini yake lazima lipite tabaka la kuzuia maji linalopanda ukutani, sakafu iwe na mteremko, na mabomba yapite nje ya ukuta yaonekane. Bomba lililozikwa ukutani huvuja mwaka mzima bila mtu kujua. Kama unaweza kulishusha bafu chini kabisa, lishushe.

Halafu kibali. Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe wana haki ya kukusimamisha. Nenda ofisini kwao kabla fundi hajagusa kitu, na uwaulize pia ni mafundi gani wa chokaa wanaowajua. Wapo wachache, lakini wapo.

Huyo wa zege usimpe malipo ya awali. Kama umeshampa, mpe kazi ya bafu.

Chokonoa boriti Jumamosi, nitumie picha za vichwa vyake, nami nitakwambia zipi za kubadilisha. Mama yako anakusalimu, anauliza lile kasha la bibi umelisogeza kutoka ukutani au bado.

Baba yako