Mikono Ilitangulia Mdomo: Maswali Yenu Kuhusu Hip-hop

Mara ya mwisho niligusia kwamba hip-hop haikuanzishwa na mchanaji, yaani mtamkaji wa mistari ya rap, bali na DJ, mpiga santuri, na sentensi hiyo moja imeleta maswali mengi kuliko yote niliyoandika siku ile. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Husemwa hip-hop ilizaliwa tarehe 11 Agosti 1973. Kweli muziki huzaliwa siku moja, kama mtoto? (Msomaji, Morogoro)

Hauzaliwi siku moja, lakini siku hiyo ilikuwepo kweli na ina anwani yake: 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York. Ni jengo la ghorofa la wapangaji wa kawaida, na chini lina ukumbi. Binti mmoja, Cindy Campbell, alitaka nguo mpya kabla shule hazijafunguliwa. Hela hakuwa nayo, akaamua kuandaa dansi. Akaukodi ule ukumbi, akaandika kadi za mwaliko kwa mkono: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Kazi ya kupiga santuri akamwachia kaka yake Clive, kijana wa miaka 18 ambaye mtaani walishamzoea kwa jina la Kool Herc.

Akina Campbell walitoka Kingston, Jamaika. Clive alifika Bronx mwaka 1967 akiwa na miaka 12. Huko kwao alikuwa ameona wenye mitambo wakipanga spika kubwa uwanjani na kupiga santuri, huku mtu mwenye maiki akiwachangamsha watu. Lakini alipowapigia vijana wa Bronx reggae, hawakunyanyuka. Walitaka funk, muziki mzito wa kuchezeka wa Wamarekani weusi. Akawapa James Brown.

Na Herc alikuwa na jicho. Aliona kwamba wachezaji wazuri hawachezi wimbo wote. Wanasimama pembeni wakisubiri kile kipande kifupi ambapo mwimbaji ananyamaza, tarumbeta zinanyamaza, inabaki ngoma na besi. Kinapofika wanaingia kati kwa fujo, na kabla hawajashiba kimekwisha. Basi Herc akachukua santuri mbili za wimbo uleule: kipande kikiisha kwenye hii anakianzisha kwenye ile, kikiisha huko anarudi hapa. Sekunde chache zikawa dakika nzima nzima. Na wala hakutaka mtu aibe siri yake. Alikuwa akiziloweka santuri kwenye maji mpaka karatasi ya katikati ibanduke, DJ mwingine akichungulia asione jina.

Hali ya mtaa nayo lazima itajwe. Barabara kuu ya Cross Bronx ilikuwa imeipasua mitaa na kuwahamisha maelfu ya watu. Katika miaka ile ya 1970 wapo wenye nyumba waliochoma majengo yao wenyewe ili walipwe bima. Vijana walibaki na santuri za wazazi wao na viwanja vya michezo. Walifungua kifuniko cha chini cha nguzo ya taa ya barabarani, wakavuta umeme, wakapiga muziki mpaka polisi waje.

Kijana wangu anajiita DJ, lakini kila nikimtazama namwona anabonyeza kompyuta tu. Ufundi uko wapi hapo? (Baba, Nakuru)

Mzee wangu, swali lako ni zito kuliko unavyodhani, kwa sababu ufundi ndio kila kitu hapa.

Chukua kijana aliyeitwa Joseph Saddler, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Bronx, ambaye ulimwengu unamjua kama Grandmaster Flash. Alisomea umeme, redio zilizotupwa alizifungua kuona zina nini ndani. Alipomtazama Herc alimheshimu, lakini sikio lake lilikerwa: kutoka santuri moja hadi nyingine pigo lilikuwa linaruka. Akajifungia nyumbani kutafuta dawa. Alichukua kalamu ya rangi akachora alama juu ya santuri yenyewe, pale kipande kinapoanzia, kama mshale wa saa. Kisha akahesabu: santuri ikizunguka mara kadhaa mbele, airudishe nyuma mara zizo hizo, alama ikifika pale pale aiachie. Lakini mpira wa mashine ulio chini yake uliishika santuri, ikawa nzito kurudisha. Mama yake alikuwa mshonaji. Flash akakata kitambaa kizito mviringo, akakipulizia wanga wa kupigia pasi, akakipiga pasi mpaka kikakauka kama chapati ya jana. Akakiweka kati ya mpira na santuri, na santuri ikateleza vizuri chini ya vidole huku mashine ikiendelea kuzunguka. Karibu kila DJ anayetumia santuri leo anatumia kitambaa cha aina hiyo.

Kwenye miaka ya katikati ya 1970 kijana mdogo zaidi, Grand Wizzard Theodore, alikuwa akifanya mazoezi chumbani. Mama yake akafungua mlango kumgombeza kuhusu kelele. Mtoto akaizuia santuri kwa mkono ili amsikilize mama, na mkono ule ukawa unaisogeza mbele na nyuma. Ikatoka sauti ya kukwaruza. Mama alipoondoka, Theodore akaanza kuitafuta ile sauti kwa makusudi. Huko ndiko kulikozaliwa kuskrachi.

Mimi mwenyewe ufundi huo niliuona kwa karibu nikiwa kijana Dar es Salaam, kwenye disko toto la Jumapili alasiri. Nilijipenyeza nyuma ya meza ya DJ. Kwenye santuri yake kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kimebandikwa pembeni ya katikati. Nikadhani ni uchafu. Kisha nikaona kila kile kipande kinapomulikwa na taa, kidole chake cha kati kinagusa, kinasita, kinaachia. Hakuwa akitazama watu wala mashine. Alikuwa ameinamisha kichwa kusikiliza kitu ambacho sisi tulikuwa bado hatujakisikia.

Kwa hiyo mjaribu kijana wako. Mfunikie ile kompyuta kwa kanga, mwambie aunganishe nyimbo mbili kwa sikio. Akiweza, Mzee, una fundi nyumbani.

Tofauti ya rap na hip-hop ni ipi? (Wengi)

Rap ni kuchana, yaani kutamka mistari yenye vina juu ya mdundo. Hip-hop ni ukoo mzima: DJ, mchanaji, mchezaji, na wachoraji wa grafiti, ile michoro ya ukutani. Wale vijana waliozunguka kwa vichwa kwenye mashindano ya kudansi (breaking) ya Olimpiki ya Paris 2024, ambako Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada walichukua dhahabu, ni wajukuu wa wachezaji waliokisubiri kile kipande cha ngoma kwenye dansi za Herc. Mchanaji mwanzoni alikuwa msaidizi. Coke La Rock, rafiki yake Herc, alishika maiki kusalimia waliofika na kuwataja kwa majina. Salamu zikapata vina, vina vikawa mistari.

Mwalimu wetu anasema rap ni ushairi wa Kiafrika wa kujibizana, kama wa Muyaka. Ni kweli? (Mwanafunzi, Mombasa)

Mwalimu wako ana nusu ya ukweli, na ni nusu nzuri. Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki mwaka 1840, aliitetea Mvita, yaani Mombasa, kwa beti dhidi ya washairi wa Lamu: tambo, vijembe, mafumbo, na jibu linalorudi kwa vina vilevile. Mtu aliyezoea mashindano ya wachanaji akisoma majibizano yale, damu inamsisimka.

Lakini kufanana si kuzaana. Vijana wa Bronx hawakumsoma Muyaka. Kilichowafikia ni njia nyingine: Waafrika waliobebwa kwa nguvu kuvuka Atlantiki, desturi zao za kusema kwa mdundo zikaishi Jamaika na kusini mwa Marekani, kwa wahubiri, kwa watangazaji wa redio waliotangaza kwa vina, kwa wavulana waliotaniana matusi ya mama zao barazani mpaka mmoja ashindwe. Mwaka 1968 pale Harlem kundi la The Last Poets likaanza kughani mashairi juu ya ngoma. Vyote hivyo vilikuwepo hewani, lakini waliovifunga kwenye santuri mbili ni watoto wa Bronx, na sifa hiyo nawaachia wao bila kuwapunja.

Kuna na tofauti ya kiufundi ambayo napenda uifikirie. Shairi letu hupimwa kwa mizani: nane kwa nane, silabi ikizidi limevunjika. Mstari wa rap hupimwa na ngoma, kwa mapigo manne. Ndani ya mapigo hayo mchanaji anaweza kutia silabi 8 au 20, akimbie au aburute, ilimradi kina kidondoke panapotakiwa. Mshairi wa Kiswahili anayeingia kwenye rap kwanza hujikwaa hapo. Akishavuka, mizani aliyozoea humpa nidhamu ambayo wengi hawana.

Wimbo wa kwanza wa rap kuuzwa ni upi? (Msomaji, Bujumbura)

Uliolipuka dunia nzima ni “Rapper's Delight” wa Sugarhill Gang, mwaka 1979. Bendi ya Fatback ilitangulia kidogo mwaka huohuo na “King Tim III”, lakini haukuvuma hivyo. Ile kazi ya Sugarhill Gang ilisimamiwa na mwanamke, Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya Sugar Hill Records huko New Jersey.

Habari ya wimbo huo inaniuma kila ninapoisimulia. Mmoja wa wachanaji watatu wa Sugarhill Gang, Big Bank Hank, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la piza. Hakuwa mtunzi. Mistari aliyoingia nayo studio ilikuwa ya Grandmaster Caz, mchanaji wa Bronx, na Hank hakubadilisha hata jina: anajitaja “Casanova”, na Casanova Fly lilikuwa jina la Caz. Wimbo ukauzwa mamilioni. Mtunzi hakutajwa kwenye santuri. Vijana wangu mnaoandika mistari, andikeni na tarehe chini ya ukurasa, na msajili kazi zenu.

Na Kiswahili kiliingiaje? (Msomaji, Lubumbashi, na wengine watatu)

Jina la kutaja kwanza ni Saleh Jabir. Mwaka 1991, Tanzania, alichukua mdundo wa “Ice Ice Baby” wa Vanilla Ice akauandikia Kiswahili, na kanda yake ikazagaa. Watu walikuwa wakichana kabla yake, ila kwa Kiingereza cha kukariri. Yeye akaonyesha kwamba lugha ya nyumbani inakaa sawasawa kwenye mapigo manne.

Sasa nifuateni. Ile besi ya “Ice Ice Baby” Vanilla Ice aliitoa kwenye “Under Pressure”, wimbo wa mwaka 1981 wa bendi ya Uingereza Queen pamoja na David Bowie. Na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Kwa hiyo mdundo uliomsaidia Saleh Jabir kuchana Kiswahili ulikuwa umepita kwa mtoto wa Unguja. Naipenda sana habari hiyo.

Mwaka 1993 likaundwa kundi la Kwanza Unit, Dar es Salaam. Kenya wakaja Kalamashaka, vijana wa Dandora, na Kiswahili cha mtaa chenye hasira na akili. Kisha rap ikaingia siasa. Mwaka 2001 Professor Jay wa Tanzania, yaani Joseph Haule, alitoa “Ndiyo Mzee”, wimbo wa mgombea anayeahidi kila kitu huku umati ukimwitikia. Miaka 14 baadaye alichaguliwa mbunge wa Mikumi. Mchanaji mwenzake Sugu, yaani Joseph Mbilinyi, alishamtangulia bungeni kutoka Mbeya mwaka 2010. Kenya nayo, kwenye uchaguzi wa 2002, wimbo wa “Unbwogable” (asiyetishika) wa Gidi Gidi Maji Maji, wenye Kijaluo ndani yake, ulikuwa midomoni mwa umati mzima wa upinzani.

Binti yangu wa miaka 14 anataka kuchana. Naogopa, nyimbo zenyewe zimejaa matusi kwa wanawake. (Mama, Tanga)

Dada yangu, hofu yako si ya bure. Zipo nyimbo kama hizo, nyingi, nyingine za watu mahiri kabisa, na mimi nyumbani kwangu sizipigi.

Lakini binti yako asidhani anaingia nyumba ya wanaume. Dansi ile ya 1973 iliandaliwa na msichana. Kampuni iliyotoa ile santuri ya 1979 ilikuwa ya mwanamke. Kundi la Funky 4+1 lina hiyo “+1” kwa ajili ya Sha-Rock, binti wa Bronx aliyesimama na wavulana wanne na kuchana nao sawa kwa sawa, na mwaka 1981 wakatumbuiza kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live.

Ningekushauri umwombe akusomee daftari lake, polepole, bila muziki. Usimsahihishe siku ya kwanza. Utamjua mwanao kuliko ungemhoji mwezi mzima.

Lile jengo bado lipo? (Msomaji, Muscat)

Lipo. Mwaka 2007 jimbo la New York lililitambua rasmi kuwa mahali ilipozaliwa hip-hop. Katika miaka hiyohiyo wapangaji walikuwa wakipambana lisiuzwe kwa watu ambao wangepandisha kodi na kuwatoa, na Kool Herc akajitokeza kusimama nao. Halikubomolewa wala halikugeuzwa makumbusho. Barabara kuu inanguruma kando yake, ukumbi uko palepale chini, na juu watu wanaishi, wanapika, wanafua.