Kabla Hujamwita Mwenzako Shabiki Maandazi

Niliwahi kumwita rafiki yangu shabiki maandazi, yaani shabiki asiye wa kweli, mbele ya watu. Ilikuwa kwenye kundi la simu la mashabiki wenzetu wa soka, saa nne usiku, timu imetoka kuchapwa nyumbani na jukwaa letu lilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Nikaandika kwamba wapo watu waliokesha wakiimba "timu ipande, timu ipande", na sasa imepanda daraja, wao wameingia mitini. Sikumtaja jina, lakini kila mtu alijua nani hukaa kiti cha kando yangu. Misimu tisa tulikaa pamoja, mimi upande wa ngazi, yeye kwa ndani, magoti yake yakigonga kiti cha mbele kwa urefu aliojaliwa.

Hakujibu. Alijitoa kwenye kundi kimya kimya, na kwa miezi minane hatukuzungumza.

Kila tiketi za msimu zinapokaribia kuuzwa, naona maneno yaleyale yakirudi: bei, viti vitupu, nani alikuwepo tulipokuwa chini, nani msaliti. Nimeyasema yote hayo kwa sauti kubwa kuliko wengi, kwa hiyo naona nina haki ya kutoa ushauri. Timu yangu siitaji. Ukiitaja timu, nusu ya wasomaji wanaacha kusoma na kuanza kuzomea.

Tulipokuja kupatana, jamaa yangu yule alinionyesha bahasha. Ndiyo iliyoleta barua ya klabu ya viingilio vipya, na nyuma yake alikuwa amechora mistari kwa rula, kama mwalimu anayejaza daftari la mahudhurio. Mstari wa kwanza, tiketi yake. Wa pili, tiketi za watoto wake wawili, na yule mkubwa alikuwa ameshavuka umri wa kulipa nusu. Kisha nauli ya watu watatu, kwenda na kurudi, mara 19. Kisha zamu za kazi ambazo angelazimika kuziacha, kwa sababu tulipokuwa daraja la chini mechi nyingi zilichezwa Jumamosi alasiri, na sasa televisheni inazihamisha itakavyo, leo Ijumaa usiku, kesho Jumatatu. Chini kabisa jumla, imezungushiwa duara mara mbili. Tiketi yake mwenyewe, ile tuliyokuwa tukiitolea povu kundini kwamba imepanda "kidogo tu", haikufika hata robo ya jumla ile.

Basi ukitaka kubishana kuhusu bei, piga hesabu ya siku nzima ya mechi, na uipige kwa mfuko wa mwenzako, usiipige kwa wako. Anayesema "hiyo bei ya kawaida" mara nyingi anaishi jirani na uwanja na hana mtoto wa kumshika mkono.

Jambo la pili ambalo ningependa mtu angenieleza mapema: kiingilio hakina uzito uleule kila daraja. Klabu ndogo inaishi kwa pesa ya mlangoni. Huko, kumwambia mwenye timu ashushe bei nusu kwa nusu ni kumwambia auze beki wa kati. Kwenye ligi kubwa mzigo unabebwa zaidi na haki za televisheni na wadhamini. Klabu ya namna hiyo ikikwambia imekuongezea kiingilio ili isajili mshambuliaji, muulize msemaji wao: ukigawanya nyongeza hiyo kwa viti vyote, inalipa mshahara wa huyo mshambuliaji kwa wiki ngapi? Sisi tuliuliza swali hilo kwenye mkutano wa mashabiki na wakurugenzi. Ukumbi ulitulia kama msibani. Jibu hatukupata, lakini mwaka uliofuata nyongeza ya tiketi za watoto iliondolewa.

Hatukupata ushindi huo kwa kutukanana. Tuliiga mfano wa Liverpool. Tarehe 6 Februari 2016, klabu ikiwa imetangaza kwamba tiketi ghali zaidi za jukwaa jipya zitauzwa pauni 77, maelfu ya mashabiki waliokuwa Anfield, uwanja wa Liverpool, waliinuka dakika ya 77 wakaondoka. Liverpool ilikuwa inaongoza mabao 2-0 dhidi ya Sunderland. Wakati viti vinabaki wazi, Sunderland wakarudisha yote mawili na mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaomba radhi na kuufuta mpango ule. Watu huikumbuka dakika, mimi nakumbuka kitu kingine: naamini wengi walioinuka siku ile walikuwa na uwezo wa kuendelea kulipa. Hawakungoja bei iwafikie wao. Mwaka huohuo Ligi Kuu ya Uingereza ilikubali kwamba shabiki wa timu ngeni asitozwe zaidi ya pauni 30, baada ya kampeni ndefu ya mashabiki wa timu ambazo uwanjani ni mahasimu. Watu wanaozomeana Jumamosi walikaa meza moja siku za kazi.

Kwa hiyo mkienda kudai, dai kitu kinachoshikika. "Bei zishuke" ni kilio, mkurugenzi atakusikiliza kwa huruma akurudishe nyumbani. "Kijana wa miaka 16 hadi 21 asilipe zaidi ya nusu", "tiketi ya msimu ilipwe kwa awamu", hayo ni madai, na mtu akiyakataa inabidi aseme kwa nini.

Tuje kwenye mahudhurio, maana hapo ndipo tunapoumbuana zaidi. Mtangazaji wa uwanja akisoma idadi, tulia kidogo kabla ya kuibeba kama silaha. Vilabu vingi hutangaza tiketi zilizouzwa, pamoja na za msimu ambazo mwenyewe yuko kitandani na mafua. Nilishawahi kubishana usiku kucha na shabiki wa timu pinzani kwamba sisi tulijaza kuliko wao, nikimrushia namba iliyotangazwa, mpaka akanitumia picha ya jukwaa letu aliyoipiga mwenyewe dakika ya 30. Nilizima simu nikalala.

Namba inaweza pia kukuonea. Sunderland waliposhuka hadi daraja la tatu Uingereza, mechi yao na Bradford City siku moja baada ya Krismasi ya 2018 iliingiza watu 46,039. Daraja la tatu! Ukiweka namba hiyo mbele ya klabu ya mji mdogo inayoingiza watu elfu nne, unaweza kudhani wale elfu nne hawana mapenzi. Lakini mji wenyewe una watu wangapi? Uwanja una viti vingapi? Mechi imepangwa saa ngapi? Wajerumani waliligundua hilo la muda mapema. Wakagoma na kupaza sauti dhidi ya mechi za Jumatatu usiku, na kuanzia msimu wa 2021/22 Bundesliga, ligi kuu yao, ikaziondoa. Wapo pia Dortmund, ambao jukwaa lao la kusini husimamisha karibu watu 25,000, kwa sababu tu tiketi za kusimama hazikufutwa wala hazikupewa bei ya kifahari. Ule ukuta wa njano unaouona kwenye televisheni, kabla ya kuwa wimbo ni sera ya bei.

Kuhusu kupanda daraja nitasema machache, kwa sababu furaha haishauriki. Usinunue tiketi ya msimu usiku wa kupanda. Nilinunua nikiwa bado na rangi usoni, sikusoma kwamba mechi tatu za wakubwa zinalipiwa nyongeza. Na usianze kupima mapenzi ya watu kwa tarehe waliyojiunga, maana kila timu ikipanda hutokea wazee wa kamati isiyokuwepo wanaogawa vyeti vya uhalali. Luton Town walitoka nje kabisa ya madaraja manne ya juu Uingereza, wakarudi 2014, wakafika Ligi Kuu 2023 kwa mikwaju ya penalti kwenye fainali ya mchujo wa kupanda, mwaka mmoja tu wakashuka, na mwaka uliofuata wakashuka tena. Katika safari ile yapo majira ya kila aina ya shabiki: aliyekuwepo kwenye vumbi, aliyekuja na utamu, na aliyekuja na utamu akabaki kwenye vumbi. Huyu wa tatu hutamjua mpaka timu ianguke, kwa hiyo mwache aketi.

Sasa wachezaji wa zamani. Hapa nina deni.

Nahodha wetu aliondoka kiangazi kile tuliposhindwa kwenye mchujo. Akaenda kwa mahasimu. Aliporudi uwanjani kwetu na jezi yao, tulianza kumzomea tangu basi linaingia. Wakati wa kupasha misuli mpira ulimtoroka ukaja upande wetu, akaufuata mpaka karibu na bango, akainua macho. Jamaa yangu akasimama, akapiga makofi. Peke yake, jukwaa zima limekaa linapiga miluzi. Nikamvuta shati: "Kaa chini bwana, unatuaibisha." Akaniambia bila kugeuka, "Huyu amecheza wiki tatu na kidole cha mguu kimevunjika. Ulikuwa unamwimbia."

Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba nahodha hakuwahi kuletewa mkataba mpya. Alikuwa akingoja simu mpaka wiki ya mwisho. Klabu ilijua tunamwita msaliti, na ikatuacha tuendelee.

Tangu siku hiyo nina swali moja kabla ya kuzomea: aliondokaje? Alikoenda nauliza baadaye. Mshambuliaji Denis Law alifunga mabao 237 kwa Manchester United katika miaka 11, halafu mwaka 1973 akaachwa aondoke bure. Akaenda Manchester City. Tarehe 27 Aprili 1974, pale Old Trafford, uwanja wa United, akafunga kwa kisigino bao pekee la mechi, na United ikashuka daraja. Kwa matokeo ya viwanja vingine siku ile, wangeshuka hata bila bao lile. Law hakushangilia, alitembea kama mtu aliyevunja sahani ya mama yake. Ukimtafuta msaliti kwenye kisa hicho, anza na waliomwachia mlango wazi.

Au Batistuta, mshambuliaji wa Fiorentina ya Italia. Fiorentina iliposhuka 1993 angeweza kuondoka siku hiyohiyo, klabu zilikuwa zinamtaka. Alibaki, akacheza daraja la pili, wakapanda pamoja 1994. Alipoondoka kwenda Roma mwaka 2000 alikuwa ametoa miaka tisa, na Novemba mwaka huo alipowafunga Fiorentina, alilia uwanjani. Mtu wa namna hiyo akirudi kwako na jezi nyingine, unasimama. Kama kipa Buffon na mshambuliaji Del Piero, waliobaki Juventus iliposhushwa hadi Serie B, daraja la pili Italia, mwaka 2006 wakati milango yote ya Ulaya ilikuwa wazi kwao.

Sisemi kila aliyeondoka apigiwe makofi. Figo kutoka Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, ile hasira naielewa. Kichwa cha nguruwe kilichorushwa uwanjani 2002 sikielewi. Na nikiri, huu mtindo wa sasa wa kuinua viganja viwili baada ya bao umeanza kunichosha. Mtu alikaa kwa mkopo miezi sita, alicheza mechi nane, leo anatufunga na kutuomba radhi kama tumelea naye. Shangilia bwana, tutazomea, tutaachana salama.

Mimi ndiye niliyemtafuta jamaa yangu. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Njoo nikuonyeshe nilichokiandika siku ile nikashindwa kutuma." Hakuniambia kilikuwa nini mpaka tulipoonana, na alichonionyesha ndiyo ile bahasha, ameipiga picha.

Siku hizi sisi wawili tuna tiketi moja ya msimu. Klabu inaruhusu kumhamishia mwenzako mechi, tunapokezana, na mechi zake huenda na mtoto mmoja kwa zamu kwa kiingilio cha siku. Anayekwenda ana kazi ya ziada: kuhesabu viti vitupu kwenye safu yetu na kumtumia mwenzake kabla ya mapumziko. Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani nikisikiliza redioni, mtangazaji anasema uwanja umefurika. Simu ikalia: "Vitano. Yule mzee wa redio ndogo karudi, kaulizia uko wapi."