Mkuu, usimruhusu fundi aihamishe hiyo AC kabla hujasoma hapa

Mkuu, umeuliza kama ni sawa fundi akuhamishie AC ya split (yenye kifaa cha ndani na mashine ya nje) ya BTU 12,000, yaani nguvu yake ya kupoza, kutoka nyumba ya zamani, aifunge kwa dakika 40, umeme achukue kwenye soketi ya chumbani, na hewa ya kwenye mabomba aipulize kwa gesi kwa kuwa pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote mabombani, hana. Jibu langu ni hapana, kwa yote matatu. Nafanya kazi hii hapa Dar tangu 2009. Nilianza kama saidia fundi, baadaye nikaenda kusoma ufundi VETA, na mengi ninayokuandikia nimeyashika kwa mikono yangu.

Nianze na umeme, maana ndio unaoua. Kuna nyumba Mbezi niliitwa kwa sababu AC "haipozi vizuri". Kuingia tu chumbani nikanusa plastiki iliyoungua. Mashine ilichomekwa kwenye soketi ya kawaida nyuma ya kitanda cha watoto, na laini hiyohiyo ilibeba friji na pasi. Nikazima breka, nikafungua kifuniko. Upande wa laivu ulikuwa mweusi kama mkaa, ganda la waya limeyeyuka hadi shaba inaonekana, na skrubu inayobana waya nikaizungusha kwa kidole. Watoto wawili walikuwa wanalala sentimita chache kutoka hapo. Tangu siku ile sijawahi kukubali kuchomeka AC kwenye soketi ya chumba, hata mteja anune vipi.

AC ya 12,000 haili umeme wa kutisha, ni kama ampea 5 ikishatulia. Ila inakula usiku kucha, na kama si ya inverter (inayoanza taratibu na kubadilisha mwendo), kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, kila inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Muungo uliolegea unapata moto, unapoa, unalegea zaidi. Kwa hiyo dai laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita za mraba 2.5, breka yake, na switchi ya kuzimia karibu na mashine ya nje ili fundi wa kesho asifanye kazi kwenye umeme ulio hai. Waya wa ethi (unaopeleka umeme unaovuja ardhini) usikatwe wala kuachwa ukining'inia. Mashine ya nje ni bati linalonyeshewa mvua, na mtu ataligusa akiwa peku. Kazi ya kuvuta laini hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, usimwachie fundi AC kwa kuwa tu ana bisibisi.

Weka pia kifaa cha kulinda AC kinachochelewesha umeme dakika 3 hadi 5. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha ndani ya kompresa bado haijasawazika, na injini inajaribu kuanza ikiwa imebanwa.

Sasa hiyo ya kupuliza kwa gesi. Ni desturi ya enzi za R22, gesi ya AC za zamani, na hata wakati ule ilikuwa mbaya. Hewa yetu ya pwani imejaa maji. Mafuta ya kompresa za gesi mpya, R410A na R32, yanafyonza unyevu haraka sana, ukikaa mle unazaa asidi, na asidi inakula varnishi ya waya za injini. Kompresa haifi siku ya kufungwa. Inakufa baada ya mwaka au miwili, wewe unalaumu kampuni iliyoitengeneza na fundi simu haipatikani. Halafu R32 inashika moto, japo si kwa wepesi kama gesi ya kupikia, kwa hiyo kuimwaga karibu na cheche ni kujitafutia balaa.

Utaratibu ni huu. Fundi akishaunga mabomba, anajaza naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni kwenye nati zote. Akikuambia atatumia oksijeni ya mtungi wa welding, mfukuze. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inalipuka. Kisha pampu ya vakyumu, dakika 20 hadi 30, geji ishuke chini ya maikroni 500 (kipimo cha vakyumu). Afunge valvu, azime pampu, asubiri angalau dakika 10. Sindano ikipanda, kuna mvujo au maji, arudie. Hapo ndipo gesi inafunguliwa. Ukijumlisha kutoboa ukuta na kuvuta waya, nusu siku imeisha, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Na kwa kuwa yako inahamishwa, kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Kabla ya kuing'oa, fundi anakusanya gesi yote kwenye mashine ya nje: anafunga valvu ya bomba jembamba, kompresa inaendelea kufyonza, kisha anafunga ya bomba nene na kuzima. Kama kuna nati imelegea au akafungua bomba kompresa ikiwa inazunguka, inavuta hewa. Hewa, mvuke wa mafuta na mgandamizo mkali ni kama ndani ya injini ya dizeli: inawaka, na kompresa inapasuka kama bomu. Mafundi wamekufa hivyo. Mashine iliyoishiwa gesi haikusanywi kabisa, na kompresa inazimwa kabla ya spana yoyote kugusa bomba. Watoto wasikae karibu.

Ikifika nyumba mpya, midomo ya zamani ya mabomba ikatwe na kupanuliwa upya, maana ile iliyokwisha kubanwa haizibi tena sawasawa. Ikazwe kwa spana ya kipimo: bomba la robo inchi ni kama Nm 16 (kipimo cha nguvu ya kukaza), la inchi 3/8 karibu Nm 40. Wanaokaza kwa nguvu za bega wanaupasua mdomo wa shaba, na mvujo unaanza taratibu.

Angalia kibandiko cha mashine ya nje. Kama ni R22, asikuwekee R410A, presha yake ni kama mara 1.6, na mashine haikutengenezwa kuibeba. Wala asikujazie gesi ya kupikia, hata akikuapia kwamba inapoza zaidi.

Breketi zifungwe kwa bolti za kutanuka kwenye tofali zima, si kwenye plasta. Mashine ya nje ina kilo 25 hadi 35, na inatikisika kila siku. Kama uko karibu na bahari, tafuta bolti zisizoshika kutu. Bomba la maji yanayotoka kwenye AC lishuke sentimita 1 kila mita, lisiingie kwenye bomba la choo, harufu itakurudia chumbani.

Nipimie umbali kutoka boksi la breka hadi mashine itakapokaa, na unitumie picha ya kibandiko. Nitakuambia kama waya wa 2.5 unatosha au uvute wa 4.