Mstari wa DA kwenye karatasi ya kura, msiuruke

Naandika hii kuhusu DA, mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, kwa ndugu zangu wa huku Texas, hasa Dallas na Fort Worth, ila hata mkiwa jimbo lingine mtapata cha kwenu. Mimi ni mkalimani wa mahakamani, Kiswahili na Kiingereza, huu mwaka wa 11. Kazi yetu ina sheria moja ngumu kuliko zote, unatafsiri, hushauri. Mtu anakuangalia machoni anakuuliza mama, nikubali? na wewe unachoruhusiwa ni kuligeuza swali lake kwa Kiingereza umpe wakili wake, basi. Kwahiyo leo nasema yale ambayo nikiwa kazini siwezi kuyasema.

Kuna kijana mmoja Mkongo (nimebadilisha vitu kidogo asijulikane), amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, huku anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, kesi yake ndogo tu ya wizi wa dukani. Tulikaa kwenye benchi la korido nje ya chumba cha mahakama, watu wanapita, mtoto wa mtu analia, mara akaja binti wa ofisi ya DA, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti, mdogo kabisa, kama amemaliza chuo juzi, anasukuma katoroli kamejaa mafaili. Akachomoa faili moja, akamnong'oneza wakili sentensi mbili, akaendelea na katoroli kake. Wakili akatugeukia, ofa ndo hii: unakiri kosa, jaji anaahirisha hukumu, unakaa chini ya uangalizi miezi kadhaa, usipoharibu kesi inafutwa. Kijana akauliza, inafutwa kabisa? Wakili akajibu, kabisa. Na mimi nikamgeuzia, kabisa. Haikufika dakika tano, akasaini akaenda zake kulala maana usiku ana shifti.

Hilo neno kabisa sijalisahau. Kwa sheria ya Texas ni kweli, hukumu haiwi. Lakini kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, ukishakiri na jaji akakuwekea sharti lolote, hata uangalizi tu, wao wanahesabu umetiwa hatiani, hawaangalii jimbo limeiitaje. Kijana alikuja kulijua hilo siku anaomba uraia. Na tangu mwaka 2010, kwenye kesi ya Padilla, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema wakili wako ana wajibu wa kukwambia mapema kama kukiri kwako kunaweza kukufukuzisha nchini. Kwahiyo hilo swali liulize wewe mwenyewe, liulize kwa sauti, kabla hujasaini chochote, na kama wakili hajui omba muda akamuulize wakili wa uhamiaji. Kuomba muda sio kosa.

Sasa jiulize nani aliamua pale. Sisi tumezoea jaji ndo mkubwa, tunavaa vizuri kwa ajili yake, tunamuombea kanisani. Jaji alimuuliza yule kijana maswali machache akapiga muhuri. Aliyeamua ashtakiwe kwa kosa gani, apewe ofa gani, na kama kesi iendelee au ifutwe, ni ofisi ya DA. Mwaka 2012 hiyo hiyo Mahakama ya Juu iliandika kwamba kwenye mahakama za majimbo, katika kila hukumu 100 za hatia, 94 zinatokana na mtu kukiri. Yaani mambo yanaishia kwenye korido.

Kwetu Tanzania DPP, yaani mkuu wa waendesha mashtaka wa nchi, anateuliwa na Rais, Kenya rais anapendekeza bunge linapitisha, mwananchi haulizwi. Huku Texas ni tofauti kabisa, anapigiwa kura, na ni mambo ya kaunti, miaka minne minne. Yule binti wa katoroli hana sera yake, anafuata ya bosi wake, na bosi wake ni jina lililokuwa kwenye karatasi yako ya kura. Mfano wa karibu, mwaka 2019 DA wa Dallas, John Creuzot, alitangaza kwamba mtu akiiba vitu vya lazima vya matumizi, chini ya dola 750, ofisi yake haitamshtaki, isipokuwa kama aliiba ili afanye biashara. Wapo waliomshangilia na wapo waliomtukana, baadae akaiondoa mwenyewe. Mimi hapa sibishani kama ilikuwa sahihi, nataka muone tu kwamba mtu mmoja alisaini karatasi moja na kesi za aina ya yule kijana zikabadilika kaunti nzima.

Ndo maana nasema mnapomchagua msisikilize tangazo la tivii, wote wanaahidi usalama. Angalieni historia yake ya kazi. Wengi wanaanzia pale kwenye katoroli, mahakama za makosa madogo, wanapanda mpaka kesi za mauaji, halafu wanagombea. Wengine walikuwa majaji, wengine mawakili wa utetezi, na mtu akitoka upande tofauti anaona vitu tofauti. Dallas ilikuwa na Henry Wade kuanzia 1951 mpaka 1987, miaka 36 mtu mmoja, na ofisi ilisifika kwa kufunga watu. Mwaka 2006 akachaguliwa Craig Watkins, Mweusi wa kwanza kuchaguliwa DA katika Texas nzima, yeye alitokea kwenye utetezi, na mwaka 2007 akaanzisha kitengo cha kupekua upya kesi za zamani za ofisi hiyo hiyo. Vipimo vya DNA vikazidi kutoa watu jela ambao hawakufanya kitu, baadhi wamekaa humo zaidi ya miaka 20. Mafaili yalikuwa yapo siku zote, sampuli zipo, ila ilihitaji bosi anayetaka zifunguliwe.

Na kuna kesi ya Michael Morton kule kaunti ya Williamson, hii naomba muishike. Alifungwa maisha mwaka 1987 kwa kumuua mkewe. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwepo nyumbani, alimwambia bibi yake kwamba aliyefanya ni zimwi na kwamba baba hakuwepo. Maneno hayo yaliandikwa, yakakaa kwenye faili, upande wa utetezi hawakupewa. Akatoka 2011, karibu miaka 25, baada ya DNA kuonyesha muuaji ni mtu mwingine. DA aliyemfunga, Ken Anderson, alishapanda cheo na kuwa jaji, na mwaka 2013 akapewa siku 10 za jela na akarudisha leseni ya uwakili. Siku kumi! Naandika mkono unatetemeka. Aliyemfuata ofisini, John Bradley, alipinga kile kipimo cha DNA kwa miaka, na wapigakura wakamtoa 2012, tena walimtolea kwenye uchaguzi wa ndani wa chama, wala haikufika Novemba.

Kwahiyo wakija kuomba kura kwenye makanisa yetu na misikiti yetu (wanakuja, wanapenda kupiga picha na sisi) msiishie kuwapa chapati na chai. Waulizeni, ukiingia wale vijana wako utawapima kwa kitu gani, idadi ya waliofungwa au nini? Ushahidi unaomsaidia mshtakiwa wakili anaupata siku ya ngapi? Kabla ya kutoa ofa kwa mtu mwenye grini kadi, ofisi yako inaangalia uhamiaji au haiangalii? Akikwepa hilo la mwisho mimi kura yangu hana.

Halafu mjue kalenda. Dallas DA anachaguliwa ile miaka ambayo hakuna uchaguzi wa rais, 2018, 2022, 2026, wakati watu wetu wengi wanabaki nyumbani. Houston, yaani kaunti ya Harris, wao ni pamoja na rais. Uchaguzi wa vyama kawaida ni mwezi wa tatu, na kwenye kaunti ambayo chama kimoja kina nguvu pale ndo panapoamuliwa. Tangu 2020 Texas hakuna tena kubonyeza chama mara moja ukamaliza, inabidi ushuke mstari kwa mstari, na DA yuko mbali kule chini. Mimi mwenyewe mara ya kwanza baada ya kuapa uraia niliishia juu nikaondoka nimefurahi na stika yangu ya nimepiga kura, wakati huo nafanya kazi jengo moja na hao watu.

Kujiandikisha mwisho ni siku 30 kabla, na kwa kawaida ni fomu ya karatasi. Ila kama hujapata uraia, hata uwe na grini kadi ya miaka 15, usijaze hiyo fomu, hata mtu akikulazimisha kwa upendo pale unapochukua leseni ya gari, kwa sababu hilo nalo ni kosa na linaweza kukuondoa nchini. Wewe kazi yako ni kumkumbusha mwenye uraia hapo nyumbani. Mke wa yule kijana aliapa mwaka jana, mumewe bado anasubiri na wakili wake wa uhamiaji. Tulijaza fomu mezani kwake, akaniuliza huyu DA anaandikwa ukurasa wa ngapi, nikamwambia tutashuka wote mpaka tumpate.