Tukifanya kiingilio bure, uwanja utajaa?

SWALI: Kaka, heshima yako. Mimi ni mjumbe wa kamati kwenye klabu yetu ndogo tu, mechi za nyumbani watu hawaji kabisa, jukwaa jeupe mpaka ukikaa juu unamsikia kocha anavyofoka. Mwenyekiti anataka tupandishe kiingilio eti hao wachache wanaokuja ndo wenye mapenzi watalipa tu, mweka hazina anasema tufanye bure. Mimi naona tupunguze ila sina hoja ya kuwashinda. Nisaidie.

JIBU: Ndugu yangu, hii kitu inaniuma na mimi. Kiti kikikaa kitupu dakika 90 ndo basi, huwezi kukiuza kesho, hiyo hela imeenda.

Mwenyekiti mwambie aache kabisa. Hao wachache ndo wamebeba klabu halafu ndo uwakamue? Februari 2016 Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77 kwenye jukwaa jipya, basi mechi na Sunderland dakika ya 77 mashabiki maelfu wakanyanyuka wakatoka nje, timu inaongoza 2-0, ikaisha 2-2. Siku chache tu wenye klabu wakaomba radhi na bei wakaifuta. Na ile ni Liverpool, nyie watu wenu wakitoka watarudi lini?

Bure nayo ina mambo yake. Fortuna Düsseldorf ya Ujerumani Oktoba 2023 walifungua mageti bure wakicheza na Kaiserslautern, uwanja ukajaa, wakafungwa 3-0 wakarudisha wakashinda 4-3, we fikiria raha yake. Lakini wadhamini ndo walifidia hela ya getini, na zilikuwa mechi za kuchagua sio zote. Kama hamna mdhamini, tiketi ya bure mtu anaichukua akiona wingu tu anabaki nyumbani, hajapoteza kitu. Halafu yule aliyenunua kadi ya msimu, ile unalipa mara moja unaingia mechi za nyumbani msimu mzima, anajiona kaonewa, mwakani hanunui.

Kwahiyo we ndo uko sahihi, ila usipunguze mechi moja moja ukapandisha tena wiki ijayo, watu watajifunza kusubiri ofa. Shusha kadi ya msimu na uiuze mapema kabla ligi haijaanza. Huddersfield Town ya England msimu wa 2016/17 waliuza kadi kwa pauni 179, mechi zote za ligi za nyumbani, mwisho wa msimu wakapanda Ligi Kuu. Sisemi walipanda kwasababu ya kadi, ila mtu akishalipa tangu mwanzo anakuja hata timu ikiwa inafungwa, na ukija mara tano sita unazoea unakuja na mwenzako.

Na watoto jamani. Siku moja nilisimama getini na jamaa anayechana tiketi, akaja baba na watoto wawili, mdogo jezi inamfika magotini, akauliza bei, akaambiwa watoto nao wanalipa kama wakubwa, akahesabu hela mara mbili akawashika mikono wakageuka. Tiketi tatu zimeondoka hapo, na mle ndani nafasi zilikuwa tele! Mtoto akiwa na mzazi mngemwachia apite, hela ya baba mngeipata na yule mdogo angekua akiwa wenu.

Mengine mnayajua: foleni ya geti moja, vyoo vichafu, ratiba kubadilishwa jana yake. Bei ikishuka haya yakabaki watu watakuja mara moja tu.

Mechi ijayo usikae jukwaani, simama nje getini na daftari kuanzia saa moja kabla ya mpira kuanza, hesabu wanaouliza bei wakaondoka na uwaulize wangelipa ngapi. Hizo namba ndo uende nazo kwenye kikao, na mimi nitumie.